Surutia ya Namunyak na Makala za Profesa

Haya, nawatega nyinyi mnaosikiliza: watoto wangu ni wengi kuliko kondoo wa Rombo, wote wanaitwa kwa jina langu, wote wanaishi ng'ambo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi nyumbani kumwamkia mama yake. Mimi ni nani?

Fikirieni. Si mbuni. Si mwanasiasa pia, ingawa aliyesema mwanasiasa hakuenda mbali. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nipeni Kitengela yote, na Kajiado mnitilie juu kama nyongeza ya sokoni, halafu niwaambie: ni Profesa Parmuat, na watoto wake ni makala.

Nikisema makala, wajukuu zangu, sisemi karatasi ya gazeti ya kufungia nyama. Hizi ni makala za wasomi kuhusu saratani ya titi, namna mashine inavyopiga titi picha na kuona kilichojificha ndani. Profesa Parmuat amezaa nyingi. Ukilitafuta jina lake kwenye simu utasogeza kidole mpaka kidole kipate joto. Zinasomwa Ulaya, zinasomwa Uchina, na kila moja ina matiti ndani yake, na kila titi lina mwenyewe. Wenyewe ndio hawajui lolote. Walipewa leso na soda wakaambiwa waende nyumbani.

Mmoja wa hao wenyewe alikuwa Namunyak.

Namunyak alikuwa mke wa Mzee Lemein, na Mzee Lemein ni mdogo wa marehemu baba yake Parmuat, kwa hivyo Profesa mzima na miwani yake alimwita Namunyak yeyo, yaani mama. Aliishi nje kidogo ya mji wa Kajiado, akifuga ng'ombe. Maziwa yake yalishuka kila asubuhi mpaka Kitengela, kwa mjane mmoja Mkikuyu aitwaye Nyaguthii, aliyekuwa na hoteli ya chai na mandazi karibu na stendi. Hao wawili walianza kwa kubishana kama maziwa yametiwa maji, wakabishana miaka, na mwishowe hakuna aliyeweza kukaa wiki bila kumsikia mwenzake.

Sasa, Namunyak alikuwa na kitu titini, upande wa kushoto. Alikigusa mara ya kwanza akijipaka mafuta baada ya kuoga. Kigumu, kama haragwe kubwa, hakiumi, hakisogei. Mtu mwingine angeshtuka. Namunyak hakushtuka, akafunga shuka yake akaenda kukamua, kwa sababu alijiambia: hawakupiga simu, kwa hivyo niko sawa.

Maneno hayo alitoka nayo wapi? Alipewa na Parmuat mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma, kabla hajawa profesa, Parmuat alikuja kanisani kwao Kajiado na mashine kwenye lori. Pasta akatangaza, wanawake wakajaa. Waliwekwa mstari, wakatia dole gumba kwenye karatasi ya Kizungu, wakaingia mmoja mmoja. Humo ndani mlikuwa na msichana wa kupiga picha, mpole, lakini mashine haikuwa na upole. Inalibana titi kama mtu anayefunga mlango na kidole chako kikiwa ndani.

"Mama, toa hiyo," msichana akamwambia, akionyesha surutia iliyoning'inia sikioni mwa Namunyak mpaka karibu na kifua.

Surutia ni pambo la shaba nyeupe, limekunjwa duara ndani ya duara, na mwanamke Mmaasai aliyeolewa huvaa ajulikane ana kwake.

"Siwezi kutoa."

"Itaharibu picha."

"Mume wangu yuko hai. Nikiitoa nitakuwa nimemzika akiwa anakunywa chai."

Msichana akacheka, akamwambia basi aishike kwa mkono aivute nyuma. Namunyak akaishika. Mashine ilipobana, mkono ukalegea kwa uchungu, surutia ikateleza mbele, na picha ikapigwa hivyo hivyo. Foleni ilikuwa ndefu. Hakuna aliyerudia.

Jioni Parmuat akasimama mbele ya wanawake wote, shati jeupe, akasema kwa sauti ya mtu anayefunga harambee: "Tusipowapigia simu, jueni mko sawa."

Mtu wa mjini angeuliza: na mkisahau je? Lakini angalieni tunavyoishi sisi. Mtoto wako yuko mbali, Mombasa au Saudia, mwezi unaisha hujamsikia. Unalala vizuri. Simu ikilia alfajiri ndipo moyo unaruka, maana habari mbaya ndiyo yenye nauli ya simu. Simu ikinyamaza, watu wako ni wazima. Kwa hivyo wanawake wale walirudi makwao wakaitazama simu, nyingine ikiwa ya mume, nyingine ya jirani, na kila ilivyonyamaza wakamshukuru Mungu na wakamshukuru Parmuat. Walimwombea, jamani. Kwa jina.

Nyaguthii ndiye aliyevunja ukimya huo. Siku moja Namunyak alikuwa ameketi hotelini kwake akisubiri mitungi, akajikuna, akataja kile kitu kama mtu anayetaja mbuzi aliyepotea na akarudi.

"Niko na kitu hapa, lakini ni sawa. Parmuat hakupiga simu."

Nyaguthii aliacha kukanda, unga mikononi. "Hakupiga lini?"

"Tangu wakati ule wa kanisa."

"Namunyak wa Lemein! Hiyo kitu ilisoma kalenda? Ilijua mwisho wa kuingia ni siku ya lori?" Akamshika mkono na unga wake wote. "Kesho unaenda hospitali. Ukikataa, maziwa yako nitawapa paka."

Akaenda, huko huko Kajiado. Alimkuta daktari kijana mwanamke, Mbeke, mwenye viatu vya raba na mikono ya joto. Mbeke alimpima, akampaka mafuta titini akapitisha juu yake mashine ndogo ya picha.

"Mama, hii kitu iko na muda gani?"

"Sijui."

"Ushawahi kupigwa picha ya matiti?"

"Ndiyo. Na Profesa Parmuat."

Mbeke akainua macho. "Yule Parmuat? Mimi nimesoma paper zake shuleni! Basi uko na bahati. Niletee hiyo picha ya zamani."

Akamweleza taratibu, kwa Kiswahili cha kueleweka. Kama kile kitu kilikuwepo wakati ule na ukubwa wake ulikuwa huu huu, basi ni cha kukaa tu, atamfuatilia polepole. Kama hakikuwepo, au kilikuwa kidogo, basi kinakua. Na kama kinakua, hataki kumuona akingojea foleni ya Nairobi ya kutolewa kinyama cha kupimwa, foleni ambayo watu huingia wakiwa na nywele nyeusi. Atamwandikia apitishwe mbele.

"Kwa hivyo nataka kujua kitu kimoja. Wakati ule, kilikuwepo ama hakikuwepo?"

Namunyak alitoka na swali hilo kama mtu aliyepewa ndama amfikishe mahali. Alimpigia Parmuat. Simu ilishikwa na mkewe, Cate.

"Prof yuko kwa kongamano, yeyo."

Akapiga tena.

"Prof anaandika, yeyo. Akiandika hapendi kusumbuliwa."

"Anaandika nini?"

"Makala. Ya saratani ya matiti."

Namunyak akaliangalia titi lake kana kwamba limemtoroka likaenda kukaa mjini. "Mwambie mwenye titi anapiga."

Ujumbe haukufika, au ulifika ukafanyiwa kile wasomi hufanya na ujumbe. Akamtuma mumewe. Mzee Lemein alienda Kitengela kwa nyumba kubwa ya Parmuat yenye ukuta na waya wa umeme juu, akanywa chai, akarudi.

"Anasema upige picha mpya."

"Mpya Mbeke amepiga. Nataka ya zamani."

"Anasema za zamani ni za utafiti. Haziguswi."

"Titi ni la nani, Lemein?"

Mzee Lemein akatafuta fimbo yake, ambayo ilikuwa mkononi mwake, akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wamelala.

"Wewe unampigia mtu wa namna hiyo simu?" Nyaguthii alimwambia Namunyak hotelini kesho yake. "Huyo ukitaka akuone, jifanye makala. Mwekee kichwa cha Kizungu hapa, majina ya marafiki zake hapa chini, atakubeba mpaka Amerika na ndege."

Hapo ndipo ulipokuja mwaliko. Parmuat alikuwa amepandishwa kuwa profesa kamili, na Nyaguthii akataka kujua kama hapo mwanzo walikuwa wakimwita nusu profesa wakimlipa nzima. Ukoo wote uliitwa Kitengela. Kutakuwa na mahema, kutakuwa na kondoo na mbuzi, watakuja wakubwa wa chuo. Namunyak, kwa kuwa ndiye mwanamke mkubwa aliyebaki katika nyumba ya baba yake Parmuat, angekaa mbele.

"Tunaenda," Nyaguthii akasema.

"Wewe umealikwa?"

"Mimi nafuata maziwa yangu."

Langoni Parmuat alikuwa amesimama, suti ya kijivu, shuka nyekundu imetupwa begani juu ya suti ili wageni wa chuo wajue ana kabila. Alipomwona Namunyak aliinamisha kichwa, vile watoto wetu huinamia wakubwa waguswe. Namunyak akakigusa. Mpiga picha akasema hakupata vizuri. Parmuat akainama tena.

Namunyak hakuondoa mkono. Kichwa kikiwa hapo chini, akakiuliza: "Parmuat, ile picha yangu ya kanisani. Hii kitu titini, wakati ule kilikuwepo ama hakikuwepo?"

"Yeyo, leo ni siku ya furaha. Hayo tutaongea."

"Lini?"

Lakini kichwa kilikuwa kimeshateleza kutoka chini ya kiganja chake, kinainamia mama mwingine, na mpiga picha anakifuata.

Watu wakaketi. Mshereheshaji alikuwa Melvin, kijana wa Kitengela mwenye viatu vinavyong'aa na maiki asiyotaka kumpa mtu. "Wasee wetu, mama zetu, leo si siku ya mchezo! Huyu Prof ni moto! Sasa nitawasomea kazi zake, mjue mmekaa na nani."

Akaanza kusoma vichwa vya makala kwa Kizungu, kimoja baada ya kingine. Wakubwa wa chuo walitikisa vichwa. Wazee wa Kajiado nao walitikisa, mpaka mmoja akachoka akapiga kelele: "Kwa Kiswahili! Tusifiwe mtu wetu tukielewa!"

Melvin akajikuna. "Sawa mzee. Hii inasema... picha za matiti kwa wanawake wafugaji. Hii ya pili... picha za matiti kwa wanawake wafugaji, titi la kushoto." Akageuza. "Hii ni titi la kulia."

Makofi.

"Hii ni wale wanawake waliozaa. Hii ni wale wale, lakini kwa umri. Hii ni kulinganisha ile ya kwanza na ile ya pili. Hii ni barua ya mtu anauliza kuhusu ile ya kulinganisha. Na hii... ni Prof anajibu barua."

"Mpaka barua ni makala?" Nyaguthii akanong'ona, kwa ule mnong'ono wake unaosikika hadi barabarani. "Mimi basi niko na makala za mwenye nyumba sanduku nzima."

"Hii ameandika na wenzake kumi na wanne," Melvin akaendelea.

"Kumi na wanne, kalamu moja! Hiyo si kuandika, hiyo ni kubeba jeneza."

Mama mmoja nyuma akacheka mpaka leso ikaanguka. Cate, aliyekuwa na gauni la kitenge lililoshonwa na mtu wa bei, akageuka akatafuta kicheko kilikotoka. Namunyak hakucheka. Alikuwa akisikiliza majina ya makala vile mtu husikiliza majina yakiitwa hospitalini, akingoja lake. Wafugaji. Titi la kushoto. Waliozaa. Alikuwa humo, anajua yumo, amekatwa vipande vyembamba kama nyama ya kukaushwa na kuanikwa kila mahali. Na katika vipande vyote hivyo hakuna hata kimoja kilichosema: Namunyak, una kitu.

"Na sasa ile kali!" Melvin akapiga kelele. "Hii ndiyo ilipata zawadi huko ng'ambo. Inahusu vivuli vya mapambo ya kienyeji kwenye picha za matiti. Angalieni runinga!"

Kwenye runinga kubwa iliyofungwa mbele ya hema pakatokea picha. Nyeusi pande zote, na katikati umbo la kijivu, kama kilima usiku wa mbalamwezi. Wazee wakainama kidogo kwa heshima na kidogo kwa aibu. Juu ya kilima, pembeni, paling'aa duara ndani ya duara, jeupe pepepe. Mshale mwekundu ulielekea kwenye hilo duara.

Namunyak aliinuka kabla hajajua ameinuka.

Surutia yake ilikuwa na kosa. Ndama aliwahi kuikanyaga ilipoanguka zizini, duara la nje likapinda likatoa kona kama sikio la mbuzi. Fundi alitaka kuinyoosha, akakataa. Na pale kwenye runinga, katikati ya Kitengela, mbele ya mkuu wa chuo na mchungaji na wakwe, duara jeupe lilikuwa na kona kama sikio la mbuzi.

"Hiyo ni yangu," akasema.

Melvin akafikiri mama anataka kutoa salamu, akamkimbilia na maiki. Kwa hivyo maneno yaliyofuata yalisikika mpaka kwa wachoma nyama.

"Hiyo surutia ni yangu. Na hilo ni titi langu."

Kisha watu wakageuza macho kutoka kwenye runinga mpaka sikioni mwa Namunyak, wakarudi kwenye runinga. Kona ile ile. Mama aliyeangusha leso akajishika mdomo.

Parmuat akasimama, akatabasamu lile tabasamu la kuwatuliza wafadhili. "Yeyo wangu, asante. Jamani, mumpigie makofi. Lakini kwa kanuni za utafiti, picha hizi hazina majina. Hata mimi mwenyewe siwezi kujua ni ya nani. Ndiyo heshima ya mgonjwa."

"Mimi nimekwambia ni ya nani."

"Wanawake wengi wana surutia, yeyo."

"Na ndama mmoja aliwakanyagia wote?" Nyaguthii akauliza, safari hii bila kunong'ona.

Watu wakacheka, na mkuu wa chuo akainama kuuliza jirani yake ndama ana uhusiano gani na jambo hili. Namunyak hakuachia maiki. "Mshale umeonyesha surutia. Ulishinda ukiandika surutia, ukapewa zawadi ya surutia. Hapo chini yake, kwa titi lenyewe, kuna nini? Kilikuwepo ama hakikuwepo?"

Parmuat akaitazama saa yake. Hakuitazama runinga. Kumbukeni hilo: jambo aliloulizwa lilikuwa limewashwa mbele yake, kubwa kuliko mlango, na mtu huyu aliyeandika kuhusu matiti kuliko mtu yeyote katika nchi hii aliangalia saa.

"Melvin," akasema, "nafikiri chakula kiko tayari."

Muziki ukafunguliwa. Cate akaitoa maiki mkononi mwa Namunyak kwa vidole viwili, akamwambia kwa sauti ya asali, "Yeyo, si hapa. Utaharibu siku ya mtoto wako."

"Siku yake haina kitu," Namunyak akamjibu. "Yangu ndiyo iko na kitu."

Akarudi kuketi. Nyaguthii alitaka waondoke. "Twende. Nitapata mtu anajua mtu huko chuo. Usikae kula chakula cha huyu."

"Sitakula," Namunyak akasema. "Lakini siendi."

Mjue kwamba katika ukoo huo kila kipande cha mnyama kina wenyewe. Kuna cha wazee, kuna cha vijana, na kuna cha wanawake ambacho mwanamume hatii mkono. Cha wanawake hukabidhiwa aliye mkubwa wao, aonje kwanza, ndipo wengine wagawiwe. Mpaka aonje, hakuna mwanamke anayekula. Na mzee gani mwenye haya atatafuna mbavu huku mama zake na wake zake wameketi mikono mitupu? Ndivyo walivyolelewa, hata wale wenye suti.

Aliyeleta sinia la wanawake ni Mzee Lemein mwenyewe. Siku hiyo alipewa heshima ya kugawa. Akaliinamisha mbele ya mkewe, mafuta yakitiririka pembeni, harufu ikitangulia.

Namunyak akalisukuma kwa kiganja, polepole, likarudi kwenye tumbo la mumewe.

"Namunyak," mzee akasema chini kwa chini. "Usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Sikufanyii wewe. Wewe nenda umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unajua swali. Ulilibeba mpaka kwake ukarudi nalo bila kulifungua."

Mzee Lemein akasimama hapo na sinia lake kama mtu aliyeshikishwa mtoto ambaye mwenyewe hajulikani. Mama wa nyuma akaona. Akaweka soda yake chini. Yeye pia alikuwa siku ile ya lori, alitia dole gumba, alimwombea Parmuat kwa jina, na tangu aone ile picha alikuwa ameshikilia kifua chake bila kujua. Wa pembeni yake akakunja mikono. Mstari wote wa wanawake wa Kajiado ukakunja mikono, mmoja baada ya mwingine. Nyaguthii, ambaye si wa ukoo na hakufungwa na desturi yoyote, alikuwa ameshajipatia mfupa kwa wachoma nyama. Akautoa mdomoni, akautazama kwa huzuni, akauweka juu ya kitambaa.

Upande wa wazee visu vilisimama. Nyama ikaanza kupoa, mafuta yakaganda meupe. Mzee mmoja akameza mate kwa sauti.

"Parmuat!" akaita. "Kuja hapa umjibu yeyo wako, watu wale!"

"Wazee, mambo ya kitaalamu hayawezi..."

"Taalamu gani! Swali ni fupi. Amekuuliza kilikuwepo ama hakikuwepo. Hata mtoto akiulizwa mbuzi yuko zizini ama hayuko, anaenda anaangalia."

"Mtu wa vitabu vingi namna hii," mwingine akadakia, "na hajui kilichoko ndani yake? Kwani huwa anawaandikia nani?"

Mkuu wa chuo, mgeni mstaarabu, alikuwa amenyoosha mkono kuchukua kipande, akaona hakuna mwingine anayekula, akaurudisha mkono mfukoni. Akamgeukia Parmuat akasema kitu kwa Kizungu, kifupi. Hakuna aliyesikia ni nini, lakini tabasamu la wafadhili lilizimika.

Parmuat akavua ile shuka begani. Akaenda mpaka kwenye runinga, akamwambia Melvin aizime ile picha ya mshale, alete picha yenyewe, ile ya asili iliyo kwenye kompyuta yake, isiyopunguzwa. Kwa hivyo ilikuwepo, mnaona? Ilikuwa mkobani mwake wakati wote, inatembea naye Ulaya na kurudi.

Picha ikaja. Namunyak akaenda akasimama kando yake, karibu hata surutia ikagusa mkono wa suti.

"Kuza," Parmuat akamwambia Melvin. "Zaidi. Sogeza chini."

Duara jeupe likapanda, likapanda, likatoka nje ya runinga. Kikabaki kilima cha kijivu peke yake, bila mshale, bila pambo. Parmuat akavaa miwani. Hapo ndipo Namunyak alipomwona akifanya kazi yake kwa mara ya kwanza. Shingo ikasonga mbele, macho yakawa madogo, midomo ikasogea bila sauti. Alijua kuangalia, kumbe! Alijua vizuri. Kidole chake kikatembea juu ya kioo, kikasimama mahali, upande wa juu, pembeni. Kikabaki hapo.

Nyaguthii alikuja kwa nyuma akamshika Namunyak kiuno.

"Unaangalia mimi ama unaangalia picha ya makala?" Namunyak akauliza.

"Nakuangalia wewe, yeyo."

"Basi niambie nimpelekee Mbeke. Wakati ule, kilikuwepo ama hakikuwepo?"

Parmuat hakuondoa kidole kwenye kioo.

"Kilikuwepo, yeyo," akasema. "Kidogo, kama punje ya dengu. Na hatukukupigia simu kwa sababu hakuna aliyekiangalia."